Tarehe Tisa Hakuna Aliyeshuka

SURA YA SABA

Jilala aliingizwa chumba cha mahojiano akiwa peku. Uso ulikuwa umevimba upande wa kushoto na jicho limefumba kabisa. Sajenti Bhoke alimgeukia konstebo aliyemleta.

"Nani kampiga?"

"Alianguka, afande."

"Ameanguka mara ngapi?"

Bhoke akamwambia atoke, afunge mlango.

Siku mbili nyuma, Jumatatu ya tarehe kumi na tatu Mei, elfu moja mia tisa tisini na sita, maji yalivunja mwamba ndani ya duara namba nne la machimbo ya Isungabula. Duara ni shimo la dhahabu, linashuka wima kama kisima, halafu huko chini wachimbaji wanakata njia ya ulalo kufuata mkanda wa mawe wenye mali. Chini walikuwamo watu kumi na mmoja. Hakutoka hata mmoja. Maiti saba zilishatolewa, nne bado zilikuwa humo humo na pampu ilikuwa inanguruma usiku na mchana.

Maji yalitoka kwenye shimo la Mzungu. Hilo ni shimo la tangu ukoloni, limejaa maji miaka thelathini, na hakuna mtu pale asiyelijua. Ndiyo maana mwenye duara, Mzee Magesa, alimwajiri kijana Pritesh kutoka Kahama aje na kompyuta yake ya mfukoni, ili kila jioni watu wajue zimebaki mita ngapi kulifikia.

Nje ya kituo baraza lilikuwa limejaa. Sungusungu, walinzi wa kijiji, na pinde zao na filimbi shingoni, akina mama wenye kanga za msiba. Wote walimtaka Jilala, maana ndiye aliyekuwa anapima. Mkuu wa kituo alikuwa na askari sita na bunduki nne, na gari la kumpeleka mtuhumiwa Shinyanga lingefika kesho yake. Asubuhi alimwambia Bhoke, "Mpaka saa kumi uniambie moja. Ni yeye, au si yeye. Nikisubiri kesho sitakuwa na kituo."

Basi shingo ya Jilala ilikuwa inategemea saa nne zilizobaki.

"Shikamoo, afande," Jilala alisema.

"Marahaba. Kaa. Kazi yako duara namba nne ilikuwa nini?"

"Kushika kamba."

"Nieleze kama mtu asiyejua."

"Zamu ikitoka mimi nashuka. Kamba ina mafundo, fundo moja ni mita moja. Napima njia waliyokata. Naangalia na dira, njia imeelekea wapi. Halafu napanda namwambia Pritesh, anaandika kwenye kile kimashine. Kimashine kinasema zimebaki ngapi. Tunaandika kwa chaki kwenye ubao, pale mdomoni pa shimo. Zikibaki tano, kazi basi."

"Pritesh hakuwepo."

"Malaria. Aliondoka tarehe saba asubuhi. Amerudi maji yameshaingia. Aliniachia mimi nijaze. Kamba chumba cha pili, baada ya tarehe, dira chumba cha tatu. Cha nne sigusi, kinajijaza chenyewe."

"Jumapili ubao ulisema ngapi?"

"Tisa."

"Na kwa akili yako wewe, bila mashine?"

"Afande, njia ile inapinda kama utumbo wa mbuzi. Kwa kichwa huwezi."

Bhoke aliandika. Hakuinua uso alipouliza swali lililofuata.

"Mwamba ulikuwa unatoa maji?"

"Ulikuwa unatoka jasho."

"Walikuambia?"

"Waliniambia. Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia, mashine imesema tisa." Jilala alifuta pua kwa mkono uliofungwa pingu. "Mmoja alikataa kushuka. Yule mtoto wa Mama Paskazia. Nikamwita mwanamke mbele ya wenzake. Akashuka."

Huko barazani sauti ya mama mmoja ilikuwa inapaa juu ya wengine. Ilikuwa ya huyo huyo Mama Paskazia. "Nileteeni mpima kamba, mayu, mama yangu, nimpime na mimi! Mwanangu alikuja na daftari la shule kwenye begi, mpaka leo liko kwenye begi!" Ndivyo wanavyokwenda watoto wa watu. Mzazi anaambiwa mwanao kapata kazi, haulizi hata namba za ubaoni anaziandika nani.

Bhoke alifunga daftari. "Mrudisheni selo. Na asianguke tena."

*

Pritesh alikuwa na miaka ishirini na minne, mwembamba, macho bado ya manjano kwa homa. Alitoa kadi ya zahanati ya Nyahanga hata kabla ya kuulizwa. Bhoke akaisoma pande zote mbili. Drip tatu, tarehe saba hadi tarehe kumi na moja, mhuri upo, na muuguzi ameandika kwamba mgonjwa alikuwa anaweweseka. Bhoke alikuwa amempa huyu kijana nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya washukiwa. Akamtoa.

"Mashine yenyewe iko wapi?"

Pritesh akaitoa kwenye mfuko wa ngozi. Ilikuwa kubwa kidogo kuliko kesi ya miwani. Ukiifunua, juu kioo cha kijivu, chini vitufe vidogo kama punje za mahindi.

"Hiki ni kikokotoo tu," Bhoke alisema.

"Hapana, afande. Ndani kuna jedwali zima, lile lile ambalo ofisi kubwa wanatumia kwenye kompyuta za mezani. Halikupunguzwa kitu. Safu, mistari, kanuni, kila kitu. Kioo tu ndicho kidogo, kwa hiyo unalitazama kama mtu anayechungulia chumba kwa tundu la ufunguo. Unasogea huku, unasogea huku."

"Nisogeze mimi."

Alimwonyesha vitufe vinne vyenye mishale. Bhoke alivibonyeza kwa kidole cha shahada, pole pole, kama anayeua chawa. Safu ya kwanza ilikuwa tarehe. Pritesh aliziandika zote mapema mpaka mwisho wa Mei. Ya pili kamba. Ya tatu dira. Ya nne, zimebaki.

"Hii ya nne anaijaza nani?"

"Hakuna. Inakokotoa yenyewe. Sasa tazama, ukisimama juu ya chumba, huku juu kabisa pa kioo inakuonyesha kilichomo ndani. Simama tarehe sita."

Bhoke akasimama. Chumbani palisomeka kumi na moja nukta nane saba. Juu ya kioo palitokea mstari mrefu wa alama, mabano na herufi.

"Hiyo ndiyo kanuni. Inachukua kamba, inachukua dira, inazungusha, inatoa jibu."

Bhoke akabonyeza mshale wa chini mara moja. Tarehe saba. Kumi na moja nukta tano. Juu ya kioo palitokea kumi na moja nukta tano, basi.

"Hapa kanuni iko wapi?"

Pritesh aliinama. Akaichukua mashine mikononi mwake, akasogea chini, chini, chini tena.

"Haipo. Mtu ameandika namba juu yake. Mpaka tarehe ishirini."

"Zisome."

"Saba, kumi na moja na nusu. Nane, kumi na moja. Tisa, kumi na nusu. Kumi, kumi kamili. Inapungua nusu, nusu, nusu. Jumapili tisa. Ishirini ndiyo tano."

"Leo tarehe ngapi?"

"Kumi na tano."

"Kwa hiyo mashine inajua mpaka Jumatatu ijayo watu watakuwa wamefika wapi. Watu ambao tumewalaza kwenye turubai." Bhoke alimsukumia daftari. "Nataka namba za kweli. Kamba zilizoandikwa zipo?"

"Zipo. Jilala alijaza sawasawa."

"Basi rudisha kanuni yako pembeni, usifute hizi."

Ilimchukua muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Alinakili kanuni kutoka tarehe sita, akaishusha kwenye safu ya tano, na majibu yakatokea moja baada ya jingine. Bhoke akayaandika kwa kalamu. Tarehe saba, kumi nukta nne. Nane, nane nukta tatu. Kumi, sita nukta saba. Jumamosi ya kumi na moja, nne nukta moja.

"Jumamosi walitakiwa kuacha," Pritesh alisema.

"Na Jumapili?"

"Moja nukta tisa."

Mtu mrefu angelala hapo, miguu ingekuwa upande wa wachimbaji na kichwa kwenye maji.

Bhoke alirudi juu kidogo. Kulikuwa na jambo limemsimamia jichoni. "Tarehe tisa. Kamba tupu, dira tupu. Kwa nini hakupima?"

"Hawakushuka siku hiyo."

"Kwa nini?"

Pritesh alitazama mlango. "Ilikuwa arobaini ya duara, afande. Siku ya arobaini tangu wagonge mwamba, hakuna anayegusa moko la kutobolea mwamba wala nyundo. Wanachinja mbuzi mweupe pale mdomoni, wanakula, wanalala. Hata mimi Mhindu nilichanga. Kila mchimbaji alichanga tangu Aprili, na Jilala ndiye aliyekuwa anakusanya."

"Kwa hiyo tarehe hiyo ilijulikana mapema."

"Mpaka mama ntilie alijua. Asiyeambiwa ni Mzee Magesa tu. Mwaka jana walipumzika duara namba mbili, akafukuza zamu nzima bila hata nauli. Tangu hapo wanamficha."

Bhoke aliiweka kalamu mezani.

"Sikiliza hesabu yangu na mimi. Aliyeandika namba hizi alizipanga zote kwa pamoja, siku moja, kabla. Akapunguza nusu mita kila siku inayochimbwa. Tarehe tisa nayo akaipunguza. Kwa nini?"

"Alidhani watachimba."

"Jilala angedhani hivyo? Aliyekusanya hela ya mbuzi?"

"Hapana."

"Wewe?"

"Hapana."

"Amebaki sasa mtu mmoja Isungabula nzima." Akachana karatasi. "Mashine ilikuwa inalala wapi?"

"Kwenye sanduku la bati, chumbani kwa mzee."

"Na kuitumia alijifunzia wapi?"

"Sikumfundisha. Lakini jioni nikiwa najaza alikuwa anakaa pembeni na chai yake. Anauliza hiki, anauliza kile. Mzee anapenda kuuliza."

Kwenye karatasi Bhoke aliandika maneno mawili matatu kwa mkuu wa kituo: *Kamba ya Jilala ni safi. Aliyeandika namba si yeye.* Akaikunja, akampa konstebo mlangoni. "Mpelekee mkuu, mkononi. Halafu niitie Magesa."

*

Magesa aliingia na koti la kaki na kofia mkononi. Mtu wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyenunua sanda za waliokufa, na alipopita barazani Sungusungu walimpisha.

"Pole na kazi, binti."

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba."

"Marahaba. Ni msiba wetu sote. Yule mshenzi amesema nini?"

"Bado tunaongea naye. Mzee, wiki ile ulikuwa wapi?"

"Shinyanga. Nimetoka hapa tarehe nane alfajiri. Nilikuwa uwanjani Ibadakuli nasubiri mgeni wangu wa ndege, mtu wa mitambo ya kusaga mawe. Ndege zenyewe si unazijua. Nimerudi Jumapili jioni. Risiti za gesti ninazo." Akazitoa, zimepangwa kwa tarehe. Bhoke alizipokea kwa mikono miwili.

"Watu wako walichimba siku zote ulizokuwa hupo?"

"Kila siku. Kwangu hakuna sikukuu."

"Tarehe tisa?"

"Nimesema kila siku, binti."

"Sawa. Na hii mashine, mzee unaitumiaje?"

Magesa alicheka kwa pua. "Mimi nimeishia darasa la nne. Redio yenyewe nawashiwa na mke wangu."

Bhoke aliifunua ile mashine, akaiweka mezani katikati yao. Kioo kilikuwa kimesimama juu kabisa, mwezi wa nne, mbali na namba zile. "Nasi tumeshindwa. Pritesh anasema kesho atakuja mtaalamu kutoka Mwanza aifungue, aone nani kaandika nini humo. Tumsubiri mkuu wa kituo, nataka akuone. Nisamehe dakika mbili, mzee. Njoo, Pritesh."

Walitoka, akavuta mlango. Ulikuwa mlango wa mbao mbichi zilizokauka zikiwa zimepigiliwa, na kati ya ubao na ubao palikuwa na ufa wa kidole. Bhoke alimshika Pritesh bega, akamsogeza.

"Tazama wewe," alinong'ona. "Mimi nikisema, wakili atasema afande alitaka kesi. Macho yako ndiyo ninayoyahitaji."

Pritesh aliweka jicho kwenye ufa.

"Anafanya nini?"

"Amevaa miwani. Ameivuta karibu. Anashuka. Anashuka na mshale, hatafuti, anajua pa kwenda. Anafuta, afande. Chumba kimoja kimoja."

Bhoke alihesabu mpaka sitini. Ndipo akafungua.

Magesa alikuwa ameegemea kiti, kofia magotini. Miwani haikuonekana. Bhoke alikaa, akageuza mashine, akabonyeza mshale wa chini taratibu mpaka Mei. Safu ya nne, kutoka tarehe saba hadi ishirini, ilikuwa nyeupe. Safu ya tano nayo nyeupe.

"Mzee asiyejua kuwasha redio," alisema, "amefuta vyumba ishirini na kitu, na hakugusa hata kimoja cha jirani."

Magesa aliitazama mashine, kisha akamtazama Pritesh aliyesimama karibu na mlango. Hakuonekana kuwa na haraka.

"Namba zote ninazo kwenye daftari," Bhoke aliendelea. "Na Pritesh amekuona. Na tarehe tisa, mzee, watu wako walikuwa wanakula mbuzi. Wote walijua isipokuwa wewe. Wewe ukawapunguzia nusu mita wakiwa wamelala."

"Mbuzi," Magesa alisema.

"Mbuzi mweupe."

Magesa aliiweka kofia mezani. Alipoanza tena sauti ilikuwa ile ile ya chini, ya mtu anayeelekeza njia. "Binti, mkanda mzuri wote uko ubavuni mwa shimo la Mzungu. Wazungu wenyewe waliujua, pampu zao ndizo zilizowashinda. Nilihitaji siku nne tano tu za kuukomba. Ningeandika ubaoni zimebaki mbili, nani angeshuka?"

"Hakuna."

"Ndiyo hivyo."

"Kumi na mmoja, mzee."

"Ijumaa kila wiki malori mawili yanashusha vijana hapa. Ukizika mmoja, wawili wameshapanga foleni kuomba moko lake. Siwaiti mimi. Wanaletwa na njaa zao na mama zao wanawafungia maandazi ya safari."

Bhoke alifungua pingu kiunoni. Hapo ndipo zilipolia filimbi. Hazikutoka barazani, zilitoka mbali, upande wa gulioni. Kwanza moja, halafu nyingi zikajibu, na juu yake ukapanda ule mwano wa Kisukuma, ukelele wa kuitana. Bhoke alisikiliza. Barazani pa kituo palikuwa kimya. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele tena.

Alitoka mbio.

Kwenye kaunta, mkuu wa kituo alikuwa anaandika kwenye kitabu cha matukio. Baraza lilikuwa tupu. Alikuwepo mwanamke mmoja tu amekaa kwenye ngazi, ana ndala mpya mkononi. Vumilia, mke wa Jilala.

"Afande, wameniambia ameachiwa," Vumilia alisema. "Nimekwenda dukani mara moja kumnunulia ndala, maana alikamatwa peku. Nimerudi simwoni. Amepita wapi?"

Bhoke alimgeukia mkuu. "Umemwachia?"

"Karatasi yako hii hapa. Umeandika safi. Mtu safi hakai selo yangu."

"Kwa mlango wa mbele?"

"Kituo hiki kina mlango mmoja, Sajenti."

"Sikuandika umtoe. Uliwaambia wale watu kwamba si yeye?"

"Nimewaambia. Nimewaambia ni mashine. Mama Paskazia akaniuliza, mashine ina mikono?" Alifunga kitabu. "Nilikuwa na bunduki nne."

Bhoke alikimbia na konstebo mmoja mpaka gulioni. Watu walikuwa wameshaanza kutawanyika, wanatembea polepole kama watu waliotoka ibadani, na walimpisha bila kumtazama. Palikuwa na mawe mengi sehemu moja. Ile kamba yenye mafundo walikuwa wamempima nayo Jilala, kuanzia utosini hadi kisiginoni, na wakaiacha hapo hapo juu yake. Mama Paskazia alikuwa amechutama pembeni, anajifuta mikono kwenye kanga. Alimwona Bhoke.

"Nipeleke na mimi," alisema. "Mimi sina haraka tena."

*

Aliporudi kituoni ilikuwa imetimu saa kumi. Magesa alikuwa bado amekaa kwenye kiti kile kile, mikono wazi mapajani. Pritesh alikuwa amesimama pembeni ya dirisha. Kutoka pale dirishani gulio linaonekana.

"Wamemmaliza?" Magesa aliuliza.

Bhoke alimfunga pingu mkono mmoja, akaufungia kwenye kiti. Kisha akafungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika juu yake jina la Pritesh na tarehe.

"Basi tuseme ukweli, binti," Magesa alisema. "Aliyeshika kamba hayupo. Mashine nyeupe. Daftari ni lako, mwandiko ni wako. Mtamwuliza nani?"

"Pritesh," Bhoke alisema. "Sema ulichokiona kwenye ule ufa. Pole pole, nakuandika."

Kijana hakuondoka dirishani. Huko nje filimbi moja ililia tena, fupi, ya kuagana.

"Mama yangu ana duka Kahama, afande," alisema. "Yuko peke yake."

"Sikukuuliza hilo."

"Ule ufa ni mwembamba. Na macho yangu yana homa."

"Uliniambia anafuta. Chumba kimoja kimoja."

"Sikuona vizuri. Sikuona kitu, afande."

Kalamu ya Bhoke ilibaki juu ya karatasi. Magesa aliinua mkono wake usio na pingu, akaisukuma ile mashine taratibu mpaka ukingoni mwa meza, upande wa dirisha.

"Jedwali la duara namba tano umeshalianza?"

"Bado, mzee," Pritesh alisema, na akanyoosha mkono kuipokea.